Jumatatu Ambayo Simu ya Upepo Ilinyamaza

Mwaka 1989 hospitali ya misheni niliyokuwa nafanyia kazi, upande wa Iramba, ilikuwa mbali na kila kitu. Kufika Singida mjini ilikuwa safari ya nusu siku kama mvua haijanyesha. Ikishanyesha, hakuna dereva aliyekubali kukutajia saa ya kufika. Simu ya waya haikuwa imetufikia. Barua zilikuja na lori la vitunguu, au mfukoni mwa ndugu wa mgonjwa. Kilichotuunganisha na dunia kilikuwa sanduku la chuma juu ya meza yangu, simu ya upepo, pamoja na waya wa antena uliofungwa kati ya mikaratusi miwili nyuma ya wodi ya wazazi.

Niliajiriwa kutunza stoo. Redio niliongezewa baadaye, kwa sababu nilikuwa na mwandiko unaosomeka na sikio linalovumilia kelele. Niliwasha mara tatu kwa siku: saa 12:30 asubuhi, saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Saa hizo hospitali, parokia na zahanati za misheni, kutoka Dodoma hadi kandokando ya Ziwa Eyasi, zote zilikuwa hewani kwenye masafa mafupi, kila mmoja akingoja zamu yake. Siri hazikuwepo. Dawa zimekwisha wapi, ndege inakuja lini, padri gani anaumwa jino, debe la mahindi limepanda kiasi gani, wote tulisikia na wote tulikuwa na maoni. Kituo kisiposikika vizuri, mwingine wa katikati aliyapokea maneno yake na kuyasukuma mbele, na hapo ndipo maneno yalipoharibikia. Siku moja nilituma salamu kwamba mgonjwa fulani ametoka, yaani ameruhusiwa kurudi nyumbani. Salamu ikapitia vituo viwili. Ilipofika kwao ikawa mgonjwa ametoroka, na ndugu zake wakaja juu wakiwa wamefuatana na mgambo.

Anayesoma haya akiwa na simu mkononi inabidi nimweleze pia kelele. Mwezi wa Machi kwetu mvua bado zipo, na mvua za Singida huja na radi. Radi ya mbuga za Wembere, radi ya Manyoni, radi za Kongo huko mbali, zote zilipita kwenye spika yangu, mkwaruzo usiokoma kuanzia saa nane mchana hadi usiku. Mwendesha redio huuzoea mpaka akaacha kuusikia. Anachosikia ni sauti za watu zilizozama ndani yake.

Jumatatu tarehe 6 Machi, mchana, Matroni alinijia stoo akiwa ameshika viatu mkononi. Uwanja wetu wa ndege ulikuwa kipande cha majani kilichofyekwa kwa mapanga, na mvua ya siku mbili ilikuwa imekigeuza bwawa. Ndege ndogo ya misheni ilitarajiwa kesho yake asubuhi, ikiwa na daktari wa macho.

“Mwanangu, waambie wasije,” alisema. “Wakitua pale wataogelea.”

Nikamwambia hilo dogo, saa kumi na moja nitawaambia.

Nilikaa mezani dakika chache kabla ya saa 11. Dodoma alikuwa anaita vituo, sauti yake ya kila siku. Kabla hajafika kwetu akaanza kuzama, taratibu, mtu akiendelea kuzungumza bila kujua kuwa anazama, halafu akapotea. Hilo halikunishtua, sauti hupotea. Kilichonishtua ni kwamba mkwaruzo nao ulipotea. Radi zote zilinyamaza. Spika ikabaki na kamvumo kake kadogo ka umeme, kale unakokasikia ukichomoa antena. Nikageuka kutazama dirishani: mawingu ya mvua yalikuwa pale pale juu ya Wembere.

Yeyote aliyefanya kazi ile angefikiri kama nilivyofikiri, kwamba waya umekatika. Nikatoka nje. Waya ulikuwa umetulia kati ya miti yake. Mlinzi, mzee wa Kinyiramba aliyejua sababu ya kila jambo, akaniambia panya wameila kebo. Nikaikagua kebo kwa vidole kutoka dirishani hadi juu, nikiwa kwenye ngazi, yeye akiishika ngazi na kunisimulia panya wengine wa zamani. Kebo ilikuwa nzima. Betri nayo ilikuwa imejaa, maana paneli ya sola ya paani ilikuwa imepata jua zuri tangu saa sita. Siku hizo sikuona kichekesho kilichokuwa katika jambo hilo.

Niliposhuka niliona barazani, kati ya watu wanaouguza, kijana mmoja aliyekuwa akisikiliza redio yake ya mkononi kwenye masafa mafupi. Alikuwa anaipiga makofi ubavuni. Akanitazama kwa jicho la mtu anayetafuta shahidi, akasema, “Betri mpya kabisa hizi, za jana.” Basi nikajua tatizo si kebo yetu.

Niliita hadi karibu na magharibi. Jua lilipokaribia kuzama mkwaruzo ulirudi, kwanza kwa mbali, kisha wote, na pamoja nao sauti za watangazaji wa nchi za mbali. Lakini wenzangu walikuwa wamekwishafunga vituo na kwenda kula. Usiku ule sikulala vizuri. Saa 12:30 asubuhi Dodoma alisikika safi kuliko siku zote, nikapeleka ujumbe wa Matroni kabla hata ya salamu. Rubani alikuwa bado anakunywa chai. Vituo vyote vilikuwa na hadithi moja: jana jioni kimya, wote, kila mmoja akidhani ni chombo chake. Mmoja alikuwa amefungua redio yake yote kwa bisibisi na sasa ameshindwa kuifunga.

Aliyetufafanulia alikuwa padri mmoja Mzungu wa parokia ya jirani, mtu wa redio za ridhaa, aliyekuwa akizungumza na wenzake wa Ulaya na Japani usiku kucha kwa nguvu ya balbu moja. Alikuja hospitalini wiki ile ile kufuata dawa, akanikuta bado nalalamika. Usiku alikuwa amesikiliza WWV, kituo cha Marekani kinachotangaza saa sahihi na kutoa taarifa za hali ya jua. Akatoa darubini ndogo kwenye gari, akaielekeza juani bila mtu kuchungulia, akashika karatasi nyeupe nyuma yake. Juani palikuwa na doa. Si nukta, lilikuwa kundi zima la madoa, limeungana vipandevipande, na lilikuwa limetoka ukingoni likielekea katikati, kwa sababu Jua nalo linajizungusha. Baadaye nilijua kwamba wanaastronomia wa Marekani walikuwa wamelipa namba 5395.

Alichonieleza siku ile ndicho kilichonifanya nipende jambo hili maisha yangu yote. Mlipuko wa Jua, alisema, hutuma wajumbe zaidi ya mmoja. Wa kwanza ni mwanga pamoja na eksirei. Huyu habadiliki wala hachelewi njiani. Kilomita milioni 150 anazimaliza kwa dakika 8 na kidogo. Eksirei zikifika huligonga tabaka la chini la anga lenye chaji, kilomita 60 hadi 90 juu yetu, na kulinenepesha. Masafa mafupi huishi kwa kudunda kwenye matabaka ya juu zaidi. Sasa yanapopanda yanakutana na lile la chini limenenepa, yanamezwa. Sauti ya Dodoma ilimezwa. Na kelele za radi za mbali, ambazo nazo hutufikia kwa kudunda, zilimezwa vilevile. Hali hiyo huupata upande wa Dunia ulio mchana tu. Ndiyo maana jua lilipozama mambo yakarudi.

“Na mjumbe wa pili?” nilimuuliza.

“Huyo anatembea,” alisema. “Atachukua siku mbili, tatu. Na huyo, kijana, hafiki kama alivyotoka.”

Mlipuko wa Jumatatu ulikuwa mkubwa ajabu. Milipuko hupangwa kwa nguvu ya eksirei zake, na daraja la juu kabisa ni X. Huu ulikuwa X15. Ulianza saa 10:50 jioni kwa saa zetu na ukafika kileleni kwenye saa 11:10, wakati niko juu ya ngazi. Lakini ulitokea karibu na ukingo wa Jua, na wingu lililorushwa, kama lilirushwa kwa nguvu hiyo hiyo, lilielekea pembeni. Padri aliniambia nisubiri. Doa linageuka kutuelekea.

Ijumaa tarehe 10 usiku, kwenye saa 4, doa lile lililipuka tena. Safari hii X4.5, mdogo sana ukiulinganisha na wa Jumatatu. Kwetu ilikuwa usiku, redio imezimwa, na hata ingekuwa imewashwa eksirei zisingetugusa, Dunia nzima ikiwa katikati yetu na Jua. Jumapili kabla ya alfajiri likalipuka mara nyingine, M7.3, daraja lililo chini ya X. Mtu aliyezoea kusikiliza angesema hayo ya kawaida. Singida nzima tulilala.

Jumatatu tarehe 13, saa 10:27 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, wingu la kwanza liliigonga sumaku ya Dunia. Lilikuwa limesafiri kwa saa 54 hivi. La pili lilifika saa 4:43 asubuhi, nalo lilikuwa limetumia saa 31 tu. Dakika moja baadaye, huko Quebec nchini Kanada ambako ilikuwa bado usiku wa manane, gridi ya umeme ya jimbo zima ilianguka kwa muda usiofika dakika mbili. Watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa 9. Usiku uliofuata mianga ya rangi, ambayo kawaida huonwa na watu wa kaskazini ya mbali, ilionekana hadi Florida na Cuba.

Kwa hiyo mlipuko ulioninyamazishia redio haukuangusha gridi ya mtu, na milipuko iliyoiangusha Quebec mimi sikuisikia kabisa. Niliumia kwa miaka nikijaribu kulielewa hilo. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba jambo kubwa hutoka kwenye chanzo kikubwa. Padri alikuwa amenipa jibu mapema, sema nilikuwa sijalishika: tulilopokea sisi ni taarifa ya kutoka, wao walipokea kilichofika.

Tangu siku zile nimekuwa nasoma kila ninachokipata juu ya njia hiyo ya kilomita milioni 150. Hospitali ilipopata simu za mkononi, miaka ya 2000 mwanzoni, simu ya upepo ikatupwa stoo. Mimi nikaomba daftari la kumbukumbu za mawasiliano nikapewa. Kompyuta niliijua uzeeni. Aliyenisukuma ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefundisha fizikia sekondari hapa Singida.

Kinachorushwa na Jua ni gesi yenye chaji, tani kwa mabilioni, iliyofungwa ndani ya uga wa sumaku uliosokotwa. Uga huo ndio mwili wake hasa. Gesi ni mzigo tu. Unapoachana na Jua huanza kutanuka, na haukomi. Wingu lililotoka kwenye doa mojawapo, likifika kwetu, upana wake unaweza kuwa robo ya umbali kati ya Dunia na Jua. Likitanuka linapoa, linapungua msongo, na uga wake unadhoofika.

Halisafiri kwenye utupu pia. Jua hupuliza upepo wake mchana na usiku, kilomita 400 hivi kwa sekunde, wakati mwingine hadi 800. Sisi wa Singida tuliozaliwa kwenye upepo tungeuita huo upepo kweli. Wingu linaloondoka kwa kilomita 2,000 kwa sekunde hukwamishwa na upepo huo na kupunguza mwendo. Wingu linaloondoka polepole husukumwa na kuongezwa mwendo. Yale ya kasi husomba upepo ulio mbele yao na kuurundika, ukawa ukuta wa gesi iliyobanwa na iliyovurugika. Mara nyingi ukuta huo, ambao haukutoka na wingu bali umeokotwa njiani, ndio unaotugonga kwanza, na wakati mwingine ndio wenye madhara makubwa kuliko wingu lenyewe. Hapo humkumbuka yule mgonjwa wangu aliyetoka akafika ametoroka. Kituo cha katikati hakikusema uongo. Kiliongeza tu cha kwake.

Na kuna kugeuka. Msokoto ule wa sumaku unaweza kujizungusha ukiwa safarini, ukapinda, ukasukumwa kando na mkondo wa upepo wenye kasi, upande mmoja ukatangulia na mwingine ukabaki nyuma. Huu ndio mgeuko unaowasumbua wataalamu kuliko yote, kwa sababu dhara zima linategemea mwelekeo. Uga wa Dunia, upande unaolikabili Jua, unaelekea kaskazini. Wingu likifika na uga unaoelekea kaskazini vilevile, linapita likiteleza. Likifika na uga wa kusini, sumaku hizo mbili huungana, na nguvu ya wingu inaingia ndani. Wingu lile lile, kwa kasi ile ile, laweza kuwa si kitu au kuwa balaa, na ukilitazama likitoka juani huwezi kujua kwa hakika litafika limegeukia wapi.

Tena mawingu hukutana. La nyuma likiwa na kasi hulifikia la mbele, hulibana, huungana nalo. Au la mbele hufagia njia, la nyuma likapita bila upinzani. Julai 23, 2012 Jua lilirusha mawingu mawili yakifuatana kwa dakika chache, kwenye njia iliyokuwa imekwisha kufagiliwa na mlipuko wa siku nne nyuma. Yaliungana, yakavuka umbali unaolingana na wa kwetu kwa chini ya saa 20. Tulikuwa upande mwingine wa Jua. Chombo cha STEREO-A ndicho kilichokuwa pale, na vipimo vyake viliwafanya wataalamu wa nchi kadhaa wapumue kwa nguvu. Nikisoma habari ile nilirudi kwenye saa zangu za 1989, 54 na 31, na nikadhani, kwa akili yangu ya mtunza stoo, kwamba lile la Jumapili nalo lilipita barabara iliyokwisha kufunguliwa.

Mwaka ule wa 1989 tatizo lilikuwa kwamba njiani hapakuwa na mtu. Chombo kilichokuwa kimewekwa kilomita milioni 1.5 mbele yetu, mahali ambapo mvuto wa Jua na wa Dunia unasaidiana kukishikilia chombo, kilikuwa kimeondolewa miaka kadhaa nyuma kikatumwa kuifuata nyota ya mkia. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki bahati ilipita karibu. Machi 25, 1988, kutoka jukwaa la baharini la Waitaliano pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya San Marco iliyokuwa na kazi ya kupima jinsi shughuli za Jua zinavyoligusa tabaka la juu la hewa. Ilianguka na kuungua Desemba mwaka ule ule. Ingevumilia miezi mitatu tu zaidi!

Sasa wapo. SOHO tangu 1995, ACE tangu 1997, na wengine baada yao, wote wamesimama mbele yetu wakionja kinachopita. Onyo lao ni la dakika 15 hadi saa moja, haba, ila ni onyo linalojua uga umegeukia wapi. Na wapo waliokwenda kukaa njiani kabisa. Septemba 5, 2022 wingu kubwa lilirushwa kutoka upande wa Jua tusiouona. Parker Solar Probe ilikuwa kama kilomita milioni 10 kutoka juani, ikapitiwa na wingu hilo na kutoka salama, na kamera yake ikaonyesha jinsi lilivyolifagia vumbi la angani lililokuwa mbele yake. Solar Orbiter ilikuwa zaidi ya kilomita milioni 100 kutoka juani, karibu na sayari ya Zuhura, nayo ikalipokea wingu lile lile. Vituo viwili, ujumbe mmoja, na sasa unaweza kuweka maandishi yao pamoja uone nini kimebadilika katikati. Nilipolisoma hilo nilifurahi kuliko inavyompasa mzee wa umri wangu. Sisi tulikuwa tunaligundua kosa la salamu baada ya ndugu wa mgonjwa kufika na mgambo.

Mwezi wa Mei 2024 watu wa mjini waligundua habari hizi kwa mara ya kwanza. Ijumaa tarehe 10 mawingu kadhaa kutoka doa moja yalifika yakiwa yameungana, dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003, na mianga yake ilipigwa picha hadi Namibia. Jumapili tarehe 12 intaneti ikakatika Tanzania karibu nzima. Kijiweni kwetu mtu mmoja akatangaza kwamba jua limekata intaneti, na kwa kuwa nilijulikana kuwa mtu wa mambo hayo, wote wakanigeukia. Niliwaambia hapana. Siku ile ile Waziri wa Habari wakati huo, Nape Nnauye, alitangaza kwamba mikongo ya baharini imepata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Mkongo wa EASSy na wa Seacom. Jua halikati mkongo uliolala chini ya bahari. Walikatishwa tamaa nami. Hadithi ya jua ilikuwa tamu zaidi, nakubali.

Hata hivyo wakaniuliza swali zuri: je, ya Quebec yanaweza kutupata? Hapa nasema kama mtu aliyesoma, si fundi. Dhoruba ikiitikisa sumaku ya Dunia, ardhini huzaliwa umeme. Mwamba mgumu wa zamani hauupitishi vizuri, hivyo umeme huo hutafuta njia rahisi, na njia rahisi ni nyaya ndefu za gridi. Quebec imekaa juu ya mwamba wa aina hiyo. Sisi je? Yeyote aliyefika Singida mjini, akaona majabali yaliyopandana kandokando ya Ziwa Singidani na Kindai, ameona mwamba wetu: matale ya zaidi ya miaka bilioni 2.5. Na nyaya ndefu sasa tunazo. Njia ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga, kilomita 670, inapita hapa kwetu. Na kutoka kituo hiki hiki cha Singida inaondoka nyingine kupitia Arusha hadi Isinya nchini Kenya.

Kinachotuokoa ni mahali tulipo. Mikondo mikali zaidi ya dhoruba huzunguka karibu na ncha, na sisi hatuko mbali na ikweta ya sumaku, ambayo upande wetu huu inapita Ethiopia, si mbali na Addis Ababa. Shida ya watu wa ikweta iko juu zaidi, kwenye anga lenye chaji, ambako mawimbi ya redio na ya GPS huyumbishwa. Lakini sipendi kusema “haiwezekani”. Baada ya dhoruba za 2003 transfoma kadhaa za Afrika Kusini, nchi isiyo na mianga ya kaskazini wala ya kusini ya kuzoeleka, ziligundulika zimeungua ndani. Ningependa yule anayekaa zamu pale kituoni Singida awe na mtu wa kumpigia simu ACE ikionja kitu cha kusini.

Mpwa wangu alikuja likizo iliyopita na kulipiga picha daftari langu ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa 6 Machi ulimfurahisha: nimeandika “10:54 Dodoma anapotea. Kimya kabisa.” Orodha ya Wamarekani inasema mlipuko ulianza 10:50. Alirukaruka.

Tunagombana juu ya ukurasa wa 13. Zamu ya saa 11 jioni nimeandika kwamba sauti zinapanda na kushuka, na kwamba masafa yetu ya juu hayafunguki kabisa, ya chini ndiyo yanasikika. Mimi nasema hiyo ni dhoruba, anga la juu limevurugika.

“Mjomba,” anasema, “umeandika pia hapa chini: mvua kubwa, antena inacheza. Utajuaje ni lipi?”

Namwambia mimi ndiye niliyekuwepo. Ananiambia hilo si jibu la kisayansi. Amezituma picha kwa mhadhiri wake wa zamani Dodoma, na wote wawili tunasubiri, kila mmoja akiwa na hakika.